Sampu ya Gari la Baba Mdogo

Mama Mdogo alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi, na hata alipostaafu aliendelea kukata kucha zake fupi kabisa, kama mtu anayeweza kuitwa wodini saa yoyote. Ni mdogo wake mama yangu, na nyumbani kwake ndiko nilikokulia tangu nilipoanza sekondari. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mume, ambaye mimi nilimwita Baba Mdogo, na mume alikuwa na gari.

Gari lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, na lilifika pale uani likiwa limeshazeeka. Baba Mdogo alikuwa karani wa posta, mtu wa mihuri na stempu, lakini kila Jumapili asubuhi alivaa kaptula yake yenye madoa, akalipandisha gari kwa jeki, akalikalisha kwenye stendi za chuma, kisha akajisukuma chini mpaka ikabaki miguu tu. Mama Mdogo alikaa kwenye kigoda pembeni, sanduku la spana mapajani. Sauti ilitoka chini, "Kumi na tatu," na mkono ukachomoza, naye akaiweka spana kiganjani bila kutazama, kama alivyozoea kumpa daktari mkasi.

Mimi nilikuwa nafua upande wa pili wa ua, masikio wazi. Mambo mazito ya nyumba ile yalizungumzwa gari likiwa juu ya stendi. Kama mama mkwe aje kuishi nasi au la. Kama nipelekwe chuo cha mbali au cha karibu. Hata lile la kukosa mtoto nililisikia hapo, likisemwa taratibu katikati ya kulegeza nati moja na nyingine. Sijapata kuona watu wengine wakigombana namna ile: mmoja amelala chini ya injini, mwenzake anazisemesha nyayo zake. Baadaye sana Mama Mdogo aliniambia kwamba miguu ni rahisi kuiambia ukweli, kwa sababu haikunji uso.

Kwenye kona ya mtaa wetu palikuwa na gereji. Mwenyewe tulimwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilompa kila mteja mwenye haraka. Baba Mdogo alisalimiana naye vizuri, lakini gari hakumpelekea hata siku moja. Alisema kumlipa mtu akufungulie bolti ni sawa na kumlipa akutafunie chakula. Tulicheka kila aliposema, na alisema mara nyingi.

Kisha moyo ukamlaza Baba Mdogo kitandani, na baada ya wiki chache tukamzika.

Gari lilibaki. Mama Mdogo alijifunza kulipaki vizuri, akawa anaenda nalo sokoni na kliniki. Mwaka wa pili wa ujane wake, nilipomtembelea, nilikuta kipande cha boksi kimetandikwa chini ya injini, na katikati yake doa jeusi lenye ukubwa wa sahani. Aliniambia kwamba Taratibu alishapita akachungulia, akasema gasketi ya sampu imekwisha. Sampu ni lile bakuli la chuma linaloshika oili chini ya injini, na gasketi ni ule ukanda unaoziba kati yake na injini ili oili isitoroke. Fundi alitaja bei ya kiungwana, akasema gari likilala kwake usiku mmoja tu litakuwa tayari.

Nilimwambia tumlipe, yaishe. Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi ofisini, na niliona hilo si jambo la kuumiza kichwa.

"Hili gari halijafunguliwa nje ya ua huu," akasema. "Na mimi nimezalisha nusu ya mtaa. Nitashindwa na bakuli?"

Alikuwa ameshanunua gasketi, oili mpya na chujio. Alivaa shati kuukuu la marehemu, akafunga kitambaa kichwani, akawasha injini kidogo ili oili ipate joto na itiririke vizuri, akaizima. Tukapandisha gari kama tulivyomwona Baba Mdogo akifanya, tukalisukuma kwa nguvu kuhakikisha haliyumbi kwenye stendi. Akaingia chini. Mimi nikakaa kwenye kigoda.

Spana ya kwanza nilikosea. Akairudisha. Oili ilimwagika kwenye beseni, nyeusi kama wino. Bolti zilitoka moja moja, akawa ananipa nazipanga kwenye gazeti. Lakini zilipokwisha zote, sampu yenyewe haikushuka. Ilikuwa imegandia pale juu.

"Huyu amekaa vibaya," ilisema sauti kutoka chini, ile sauti yake ya wodini. "Tusimvute. Tumbembeleze."

Akaigonga ubavuni kwa nyundo ya mpira, huku na huku, mpaka ikaachia na kummwagia begani oili iliyosalia. Akatoka nayo, akaipakata, tukaiweka juu ya magazeti tuikwangue.

Hapo ndipo alipotulia. Kwenye ukingo wa sampu palikuwa na silikoni nyekundu ya zamani, gundi ya kuzibia, iliyokauka, na mtu alikuwa ameisambaza kwa kidole. Karibu na pembe moja dole gumba lilikuwa limegandamizwa, na alama yake ilibaki wazi, hadi ule mstari wa kovu alilolipata Baba Mdogo kwa kufungua kopo la maziwa kwa kisu. Mama Mdogo alishika kikwanguo, akaitazama alama ile muda mrefu.

Nikamwambia tunaweza kuiacha sehemu hiyo.

"Hatuwezi," akasema. "Itavuja."

Akaanza kukwangua kutoka pembe ya mbali zaidi. Alizunguka ukingo wote, akasafisha mpaka chuma kikang'aa, na pale penye dole gumba akapafikia mwisho. Alipapitisha kikwanguo mara moja tu, akafuta kwa kitambaa chenye petroli.

Wakati wa kurudishia bolti alizungumza. Tangu mazishi hakuwahi kumzungumzia mumewe nami, alikuwa akisema tu kwamba amezoea. Siku ile, kutoka chini ya gari, aliniambia kwamba kitanda kitupu hakimsumbui kama watu wanavyodhani.

"Kinachonisumbua ni kukosa wa kubishana naye. Nasema jambo, na nyumba nzima inakubali."

Nilimpa spana aliyoitaka.

Asubuhi iliyofuata boksi lilikuwa na tone jipya. Aliingia chini akakaza bolti kwa nguvu zake zote, na matone yakazidi. Akarudia, hali ikawa mbaya kuliko kabla ya kuanza. Hapo alivunjika moyo. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, mikono myeusi, akatazama ule uchafu wote. Kisha akanawa, akabadili nguo, akaenda mwenyewe mpaka kwenye kona. Hakutaka nimsindikize.

Taratibu alikuja kwa miguu, sanduku la vifaa begani. Alikubali kufanyia kazi pale pale uani. Aliteremsha sampu, akailaza chali, akaweka rula ya chuma ukingoni. Kila penye tundu la bolti chuma kilikuwa kimebonyea, kama kitambaa kilichoshonwa vibaya.

"Nimekaza mno," Mama Mdogo akasema.

"Wewe umekaza jana na leo tu, shemeji. Huku kupinda ni kwa miaka." Fundi alikuna kidevu, akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Nilimkataza marehemu. Alikuwa hasikii."

Mama Mdogo akamuuliza alimkataza lini.

Fundi aliona ameshateleza, hakuna namna. Basi akaeleza. Karibu kila Jumapili Baba Mdogo alipokuwa akisema anakwenda kununua gazeti, alikuwa anapita gereji. Alichora injini kwa chaki sakafuni, akauliza maswali, akaomba aazimwe soketi hii na ile. Kuna siku alifika na kabureta nzima ameificha ndani ya koti, na Taratibu akamtengenezea yote mezani kwake. Kisha Baba Mdogo alimwapisha asimwambie mtu, hasa mke wake, kwa sababu mke wake alikuwa anamwona yeye ndiye fundi.

Mabega ya Mama Mdogo yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, nikainuka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akaniomba nimsogezee kigoda.

"Na magazeti yenyewe," akasema alipopata pumzi, "alikuwa analeta ya juzi."

Fundi naye akacheka, kwa aibu kidogo, kisha akarudi kazini. Aliweka ukingo wa sampu juu ya kipande cha mbao, akaunyoosha kwa nyundo ndogo, akiupima kwa rula kila baada ya muda. Alimwita Mama Mdogo ashike bolti mwenyewe, akamwonyesha: kwanza zote kwa vidole, halafu kuanzia katikati kwenda pembeni, upande huu kisha ule, kila moja kidogo tu, na ukisikia gasketi imeanza kuminyika unaacha. Mama Mdogo alikaza, yeye akasikiliza. Mara mbili alimwambia alegeze. Mama Mdogo akambishia mara ya pili, wakabishana pale chini, miguu minne imejipanga nje ya gari, na fundi ndiye aliyenyamaza kwanza.

Tulijaza oili, tukawasha injini, tukainama sote watatu kuchungulia. Chini palikuwa pakavu. Mama Mdogo alimlipa fundi bei ile ile ya mwanzo, na fundi alipotaka kupunguza, Mama Mdogo alimwambia asimletee ujinga.

Kisha akasema twende tukalijaribu barabarani, na Taratibu akaomba ashushwe gereji kwa kuwa iko njiani. Akaketi nyuma na ovaroli yake, sanduku la vifaa magotini, mgongo umenyooka kama abiria wa teksi. Tulifika kwenye kona. Mama Mdogo alibadili gia, akaipita gereji, akaendelea kupanda kilima vioo vikiwa wazi. Fundi aligeuka akaitazama gereji yake ikibaki nyuma, akafungua mdomo, akaufunga, kisha akaegemea kiti.