Makaa Chini ya Kitanda

Waliomuua dada yangu nawajua. Mmoja mama mkwe wangu, aliyesukuma jiko la makaa chini ya kitanda changu nilipojifungua. Wa pili mkunga, aliyeziba dirisha kwa kanga nzito ili upepo mbaya usinipate. Kijiji kizima cha Bwejuu kilisema shetani ndiye aliyemchukua. Shetani gani? Makaa yalikuwa yamekolea, na sumu yake haina moshi wala harufu. Dada, aliyekuja kunikanda, aliegemea kitanda akawa anacheka peke yake, mchana kweupe. Kisha akaacha. Nilitaka kunyoosha mkono nimguse, mkono ukawa si wangu. Jirani aliyeleta uji ndiye aliyetutoa. Dada alitoka na midomo myekundu, mizuri, kama bibi harusi.

Mwaka huu binti yangu kazaa, kwa mumewe Uroa. Nshawaambia tangu mimba changa: wekeni juu ya bati lile tangi linalopasha maji kwa jua, mzazi apate kukandwa na kulazwa na chupa za maji ya moto. Wakaweka. Mama wa mumewe hakupendezwa; siku ya kuzaa akaja na jiko la makaa mpaka mlangoni.

"Bi, hilo jiko lirudi uani," nilimwambia.

"Mzazi bila moto? Tumbo lake utalifunga kwa maneno?"

"Kwa maji ya jua."

"Jua lenyewe liko wapi leo?"

Hapo alinipata. Mawingu ya masika yalikuwa yametanda, na maji ya tangi yalikuwa vuguvugu tu. Wanawake waliokuja kumtazama mzazi wakachekeana. Nikaenda uani kuyamalizia kwa kuni, nikajaza chupa, nikazifunga kitambaa.

Niliporudi, mlango wa chumba umefungwa. Nikausukuma. Ndani kimya. Si kimya cha watu waliolala; hata mvua juu ya bati niliisikia kama iko mbali. Binti yangu kafumbua macho, ananitazama, hanijui. Chini ya kitanda, mwanga mwekundu.

Nililivuta jiko kwa mikono mitupu mpaka nje, nikapiga teke dirisha likafunguka. Nikawatoa barazani yeye na kichanga, nikakitikisa, nikakipulizia usoni. Hakikujitikisa. Nikapuliza tena.

Kikalia.

Mama wa mumewe akaja mbio. "Ah! Umemwamsha mtoto, mwenzangu, alikuwa kalala vizuri!"

Nilimpa zile chupa. "Zipange mgongoni kwa mzazi," nikamwambia. "Mie mlangoni siondoki, na jiko halipiti."