Maksi za Kuwatetea Tembo

Mwaka wa kwanza chuoni, kule Butiama, tulifundishwa Kiingereza cha kitaaluma, na kitabu chetu cha kiada kilikuwa magazeti. Mhadhiri alikuwa kijana wa Dar es Salaam aliyeutazama mkoa wote wa Mara kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Kila Jumatatu alikuja kutoka Musoma mjini na gazeti la Kiingereza la juzi, akatoa nakala, akatugawia. Tukajadili uchaguzi wa nchi ambazo kwenye ramani tungezitafuta mpaka kipindi kiishe. Tukajadili kuyeyuka kwa barafu, sisi ambao barafu tunayoijua ni ile ya wachuuzi wa samaki wa Mugango. Wanaume wazima wenye ndevu walisimama wakasema, kwa Kiingereza cha kukariri, kwamba hali ya barafu inawanyima raha. Hakuna aliyecheka.

Maoni yako hayakuulizwa. Ulichukua kikaratasi kwenye kofia ya mhadhiri, kimeandikwa unaunga mkono au unapinga, na kuanzia hapo hayo ndiyo yakawa mawazo yako. Mhadhiri aliita huko kufikiri kwa kina. Mimi niliita ukasuku, ila kimoyomoyo, maana bila kufaulu somo lile huvuki mwaka.

Jumatatu moja gazeti likaja na habari ya kwetu. Tembo walikuwa wametoka hifadhini wakala mahindi na mihogo ya vijiji vya Bunda, na kuna watu walipendekeza wanavijiji wahamishwe. Mhadhiri alifurahi kama kaokota dhahabu. Shamba la baba yangu liko hukohuko, mpakani mwa hifadhi, na babu amezikwa pembeni mwake. Nikatumbukiza mkono kwenye kofia. Kikaratasi kikaniambia niunge mkono wanavijiji kuhamishwa.

Nikamwendea mhadhiri. "Naomba nibadilishe. Hapo panapoongelewa ni kwetu."

"Safi sana," akasema. "Utajifunza kuweka hisia pembeni."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Nikaamua kumwonyesha. Nilisema tembo walikuwepo kabla yetu, na mkulima anayehama hapotezi kitu bali anafungua ukurasa mpya. Nikapachika yale maneno marefu ambayo mhadhiri aliyapenda kuliko chakula. Darasa likapiga makofi, nikapewa A. Mwenzangu mmoja wa Bunda, asiyejua kukaa na simu mkononi bila kurekodi, akairusha video kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani.

Sasa, kwetu mtu akisimama mbele ya watu akasema, kasema. Ukisema kwenye kikao cha ukoo kwamba ng'ombe wa mahari warudishwe, kesho wewe ndiye wa kwanza kwenda kuwaswaga. Jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, aliitafsiri video ile sentensi baada ya sentensi, baba akisikiliza kwa makini. Hakuna aliyemwambia kuhusu kofia.

Baada ya wiki kadhaa baba akanipigia.

"Njoo Jumamosi, kuna kikao. Tumekubali."

"Mmekubali nini, baba?"

"Si ulivyosema? Baba yako mdogo ameshaenda Kibara kuangalia eneo la kuhamia."

Jumamosi nikapanda basi. Nilifika nikakuta nimewekewa kiti katikati ya wazee, mimi binti, jambo ambalo halijawahi kutokea pale nyumbani. Mama alinisalimia bila kunitazama usoni. Yeye ndiye aliyelima lile shamba tangu alipoolewa.

Nikawaeleza. Nikasema yale yalikuwa mazoezi tu, chuoni tunapangiwa upande, na mimi siamini hata neno moja kati ya niliyoyasema. Nikasema wasihame. Niliongea vizuri, kwa mpangilio, hoja ya kwanza mpaka ya mwisho, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nyuso zao zilivyozidi kukunjamana.

Baba mdogo ndiye aliyeanza. "Huyu si ndo alisema tuhame?"

"Nilisema, baba mdogo, lakini ilikuwa ya darasani."

"Na hao waliokuwa wanakusikiliza, walijua unaongopa?"

"Walijua. Wote tunafanyaga hivyo."

"Halafu wakakupigia makofi."

"Ndiyo."

"Na yule mwalimu wenu akakupa maksi."

"Akanipa."

Akatikisa kichwa taratibu, kwa dharau ileile niliyokuwa nayo kwa mhadhiri, ambayo nilidhani naijua peke yangu.  Baba hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alinitazama kama mwenyeji anayemtazama mgeni na kukumbuka hajamuuliza anatoka wapi.

"Mwanangu," akasema, "na leo unavyotuambia tubaki, umepangiwa na nani?"

Nilitaka kupiga kelele kwamba haya ni yangu, yametoka kwangu. Nikasema hivyo kweli, na machozi yakanitoka, lakini mimi mwenyewe niliisikia sauti yangu: ilikuwa ileile ya darasani, imenyooka, inangoja makofi. 

Baba mdogo akageuza kiti kidogo, akanipa mgongo, wakaendelea kuongelea Kibara na nani atatangulia na ng'ombe.