Kibao cha Mahame Mlangoni kwa Bi Thuwaiba

Wanangu wakitaka ninyamaze mbele za watu husema neno moja tu, "kibao," nami hufyata mkia. Basi leo nakisimulia mwenyewe kisa hiki, maana aibu ukiitoa kwa mdomo wako inapungua makali kidogo (kidogo tu, msinifurahie sana).

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nimerudi Oman (nasema nimerudi, ingawa nilizaliwa Malindi, Unguja, na Oman nilikuwa naijua kwa masimulizi ya babu), nikapata kazi katika idara iliyokuwa ikisimamisha vibao vya chuma kando ya barabara, kutoka Nizwa mpaka Ibra na Sur, kuwaambia wapitao kwamba hapa pana ngome, pale pana msikiti wa kale, hapa unapita mfereji wa falaji tangu na tangu. Kazi hiyo niliipenda. Wazee wale walijenga kwa udongo na magogo ya mitende, na kuta zao bado zimesimama, wakati nyumba yangu ya matofali ilikuwa na ufa kabla sijahamia. Ila nilikuwa katika miezi mitatu ya majaribio, na nikikosea nafukuzwa, narudi Maskati kulala sebuleni kwa shemeji.

Ibra nilipewa kibao kimoja, kimeandikwa kwa Kiarabu: "Jengo la Kale. Limehamwa. Linahifadhiwa." Karatasi ya ofisini ilisema jengo liko kulia, ukingoni mwa wadi, lile bonde la mto mkavu, ila haikusema kulia kwa mtu anayetoka wapi. Ningewauliza wanaume waliokaa kwenye sabla, barazani kwao pale, yakaisha. Sikuuliza. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, nikikisema watu wa Ibra wananijibu polepole kama wanaongea na mgonjwa, na mmoja alikwisha kuniuliza kama mimi Mmisri. Nikaona bora nijitegemee.

Tukafika adhuhuri, jua kali, hapana mtu nje. Nikaona nyumba ya udongo, pembe moja imeanguka, mbuzi yuko juu ya dari, na mlango wa nakshi ambao nilisimama kuutazama mpaka nikasahau joto. Nikasema ndiyo hii. Kunju, kibarua wangu kutoka Kerala, akachimba shimo, kisha akanusa. "Arbab," akaniita, yaani bwana mkubwa, "ndani kuna harufu ya kahawa."

Nikamwambia ni ya jirani. Tukasimamisha kibao, tukaenda zetu.

Baada ya wiki mbili akaja mudiri wetu, mkuu wa idara, na wageni wanane wa Maskati, nami nimehifadhi hotuba wiki nzima. Nikasimama kando ya kibao, kanzu imepigwa pasi, nikaanza, "Nyumba hii, enyi waheshimiwa, haijakaliwa na mtu tangu enzi za maimamu wa kale..." Mlango ukafunguka. Akatoka bibi mfupi, dele la kahawa mkono mmoja, vikombe mkono wa pili. "Hayyakumu Allah," akatukaribisha. "Tafadhalu."

Wageni wakamtazama yeye, wakatazama kibao, wakanitazama mimi. Mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote, na wanaume wa sabla wakatoka kuja kuona kuna nini. Mudiri hakucheka. Nikanong'ona kwa Kiswahili, "Ya Rabbi, nimekwisha."

"Hujafa bado, mwanangu," yule bibi akanijibu kwa Kiswahili cha mjini kwetu. "Ingia, kahawa inapoa."

Nikapigwa na butwaa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Malindi."

"Mtu wa Malindi hajui kupiga hodi?"

Nikavua viatu, nikaingia pamoja na wengine. Tukaketi kwenye mkeka, tende mbele yetu. Bi Thuwaiba (ndilo jina lake) akamweleza mudiri kwa Kiarabu kwamba siku ile alisikia watu wanachimba, akaongeza maji ya kahawa akijua wataingia, akaona wameondoka. Akatoka, akakisoma kibao, akacheka peke yake. Tangu hapo wageni wanaingia na kamera zao bila hodi, naye anawapa kahawa.

"Mbona hukushitaki?" mudiri akauliza.

"Mgeni anashitakiwa? Mume wangu kesha fariki, wanangu wote wako Maskati. Nyumba hii ilikuwa inaelekea kuhamwa kweli. Kibao ndicho kilichoirudishia watu."

Machozi yalinilenga, nikajifanya nakohoa. Mudiri akasema, "Huyu kijana leo ndiyo mwisho wake." Bi Thuwaiba akamjazia kikombe. "Maneno hayo kayasemee nje ya mlango wangu. Humu ndani yeye ni mgeni kama wewe."

Mudiri akanywa taratibu, akatikisa kikombe, ishara ya kwamba imetosha, nami sikujua kama iliyotosha ni kahawa au ni mimi. Mwisho akasema, "Kibao utakibeba mwenyewe, begani, mpaka kule kwenye mnara. Kunju asikiguse." Mnara huo ndio jengo lililokusudiwa, nao ulikuwa ng'ambo ya wadi, kulia kwa mtu anayetoka Sur.

Nikaking'oa. Bi Thuwaiba akanisindikiza mpaka kizingitini. "Kibao chukua," akasema, "ila wewe usiondoke nacho moja kwa moja." Nikapita na nguzo begani, saruji inaning'inia chini, mbele ya sabla nzima, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Ya Mmisri, leo unamhamisha nani?"

Kazi sikufukuzwa. Kila Alhamisi nilikwenda kwa Bi Thuwaiba mpaka alipofariki, na kila aliyeniuliza njia ya mnara nilimpitisha kwake kwanza. Nimesimamisha vibao vingi baada ya hapo, na hata nikikuta gofu lisilo paa wala mlango, husimama nje nikapiga hodi mara tatu, nikangoja. Vibarua hunicheka. Nawaacha wacheke, nami nanusa kwanza kama kuna kahawa.