Zamu ya Usiku wa Sensa

Mwaka serikali ilipoamua kutuhesabu kwa tableti badala ya karatasi, redio haikutupa nafasi ya kupumua. Tulale majumbani mwetu, tuwapokee makarani kwa heshima, na mtu asithubutu kuhesabiwa mara mbili kwa kuwa ni kosa la jinai. Ungedhani siku zote hizo hatukuwapo, sasa ndio tunaumbwa. Kwetu Bofu mfereji ulikuwa umekauka tangu kabla ya Ramadhani, na hakuna aliyetumwa kuja kuhesabu ndoo tupu. Vichwa, lakini, walivitaka vyote.

Baba alifurahi mno. Alikuwa karani katika ofisi ya kupitisha mizigo bandarini, ng'ambo ya feri, na chochote chenye muhuri wa serikali kilimtia adabu ambayo sisi wa nyumbani hatukuwahi kuonjeshwa. Alikuwa na wake wawili, mama yangu hapa Bofu na mwenzake Mtopanga, upande wa Kisauni, ambako kutoka kazini hakuhitaji feri. Usiku aliugawa kwa zamu, mbili huku na mbili kule, kama dini inavyomtaka mume afanye, na uadilifu wake huo aliutangaza barazani kwa kila mwenye masikio. Kwa mdomo alikuwa mwadilifu kweli. Kwa vitendo, zamu za Mtopanga hazikupungua hata moja, na zetu zililiwa na feri. Feri imeharibika. Feri ina foleni. Majirani zetu walivuka kwa feri hiyo hiyo, wakafika kwao, wakala, wakalala.

Mama alijua. Kilichomkata maini zaidi ni watu kujua. Mtaani petu wapo wanawake wanaofagia nje alfajiri si kwa kupenda usafi, bali wapate kuona viatu vya nani viko mlangoni pa nani. Kwa hiyo zamu ikishaliwa, mama aliamka mapema, akachovya kikoi safi cha baba majini, akakianika kwenye kamba ya mbele, ionekane mwenye nyumba amelala na amekoga. Nilikuwa nimemaliza shule, msichana mzima, na kila nilipokiona kikoi kile kikichuruzika maji nilimdharau baba hadi nikahisi uchungu mdomoni.

Usiku wa sensa ulikuwa zamu yetu. Mama akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na ulipofika wakati wa kula, simu ikalia: feri. Tulikula watatu, mama, mimi na mdogo wangu. Asubuhi kikoi kikaanikwa.

Karani wa sensa alitufikia baada ya siku kadhaa. Alikuwa kijana wa bara, amevaa kizibao cha kung'aa, tableti ameikumbatia kama sahani ya pilau. Hakupiga hodi.

"Mko aje hapa?"

"Marahaba," mama akamjibu, kwa shikamoo ambayo hakupewa.

Nyuma yake aliingia mzee wa mtaa. Serikali ilimpa kazi ya kumwonyesha karani milango. Kazi ya kusikiliza alijipa mwenyewe, na kwa jinsi alivyovuta kiti karibu, aliipenda zaidi. Habari iliyoingia sikioni mwake saa nne, saa sita ilikuwa kwa muuza mbaazi.

"Ile usiku ya sensa, nani na nani walilala hapa?" karani akauliza.

Mama akanitaja mimi, akamtaja mdogo wangu, akajitaja.

"Na bwana mkubwa je?" mzee wa mtaa akadakia, anatabasamu.

"Alilala hapa," mama akasema.

Karani akabonyeza. Mkuu wa kaya: baba. Umri wake, kazi yake, shule aliyosoma, vyote mama alivitoa kwa sauti tulivu, na mzee wa mtaa akaanza kuonekana kama mtu aliyenyimwa chai. Nilishusha pumzi. Yangeishia hapo, na heshima ya mama ingebaki.

Ndipo baba akaingia. Alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kumpokea karani, mtu ambaye hakuwahi kuomba ruhusa hata tulipougua. Akamwamkua karani kwa mikono miwili, akachungulia kile kioo, akaliona jina lake. Alishtuka. Baba alimwogopa Mungu siku ya Ijumaa tu. Serikali aliiogopa wiki nzima.

"La, kijana, mimi nifute! Nimeshahesabiwa Mtopanga. Usiku ule nililala huko. Sitaki matata na serikali."

Mzee wa mtaa akakohoa kikohozi kirefu. Mama aliinamisha uso, akawa anaukunja na kuukunjua upindo wa leso yake. Nilimchukia baba saa ile, na silionei haya neno hilo.

"Mama, si umesema alilala hapa?" karani akauliza.

"Wanawake hawa," baba akacheka, "mambo ya sensa hawayaelewi."

Karani akamfuta. "Sasa mkuu wa kaya ni nani?"

"Mwandike mwanangu wa kiume," baba akasema. Mwanawe huyo, mdogo wangu, alikuwa darasa la pili na bado alifungwa kamba za viatu.

"Andika mimi," mama akasema. Alikuwa ameinua uso.

Karani akaendelea na maswali yake, hana habari ya alichokikanyaga. "Hali ya ndoa. Hujaolewa, umeolewa peke yako, umeolewa na wenzako, mmeachana, ama mjane?"

"Hapo pana mke mwenye mume wa kwenye simu?" mama akauliza.

"Hiyo haiko."

"Basi andika mjane."

"Astaghfirullah!" baba akaruka. "Mjane vipi, nami nimesimama hapa?"

Mama hakumtazama. Alimtazama karani. "Mwanangu, huyu ameshahesabiwa Mtopanga. Ukimtia na hapa utavunja sheria."

Karani akamwangalia baba, akamwangalia mama, akabonyeza. Mashine ikakubali bila swali. Serikali yetu, iliyoshindwa kutuletea maji, siku ile ilipata taarifa moja sahihi.

Siku hiyo zamu ilikuwa imetuzungukia tena. Feri, ajabu, haikuwa na foleni. Magharibi ilipokwisha kusaliwa baba akaja na mkate wa mofa mkononi, barazani kumejaa watu, mzee wa mtaa katikati yao, akakuta mlango umetiwa komeo.

"Nifungulie, mke wangu."

Mama, ambaye miaka yote ile alisema naye kwa kunong'ona majirani wasisikie, alijibu kwa sauti iliyofika mwisho wa mtaa:

"Niko eda, bwana. Siruhusiwi kuonana na wanaume."