Kabati la Mama Kufuli

Wasomaji walimbandika mkutubi wa wilaya jina la Mama Kufuli, naye hakuuamini mtandao mpya wa maktaba za jimbo tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Mkufunzi alitabasamu mno. Mtu wa hivyo lazima ana lake jambo. Kijana huyo alipowataka waingize vitabu vichache kwenye kompyuta kwa mazoezi, Mama Kufuli aliingiza alivyovijua kwa kichwa: vile vizuri alivyovifungia kabatini miaka yote, watu wasije wakavichakaza.

Wiki iliyofuata kompyuta ikaleta ombi. Msomaji wa mji wa mbali alitaka kimoja cha kabatini. Mama Kufuli akampigia mkufunzi simu, damu inamchemka.

"Mwanangu, nani kawaambia ninacho kitabu hicho? Humu ndani kuna mtu ananichimba."

"Ni wewe, mama. Uliviingiza mwenyewe siku ya mazoezi. Sasa jimbo zima linaviona."

Alikata simu bila kuaga, akaitazama kompyuta kwa jicho la pembeni. Kisha akavua mtandio akaifunika gubigubi, isije ikaona ufunguo anauhamishia wapi.