Mateka wa Stoo ya Mahindi

Leo nimefungua kopo la dawa ya kusugua shaba, na harufu yake imenirudisha mbio hadi shambani kwa Guka, kule Kapseret.

Guka, babu yetu, alipewa nishani kwa kuwaokoa mateka katika vita vya Burma. Kila Jumamosi aliisugua mpaka ikawaka, akaibandika kwenye koti lake kuukuu, nasi tukajua mchezo umeanza! Wajukuu saba, sote mateka, tulijifungia kwenye stoo ya mahindi, tukipitishiana pakiti ya maziwa ya shule tuliyoificha tangu Ijumaa. Nje alilinda anko wetu, bua la mahindi begani likiwa bunduki.

Mara nyasi zinatikisika. Guka huyo! Mzee mzima anatambaa kwa tumbo, matope mpaka kidevuni.

"Kimya," ananong'ona. "Kila mtu ashike sweta ya mwenzake."

Tulitoroka katikati ya mahindi, majani yakitukata mashavu, vicheko vimetubana mbavu, mpaka mtoni. Hapo alituhesabu.

"Mmoja amebaki."

"Guka, tuko wote saba!"

"Amebaki," alisema, akiigusa nishani, akarudi kutambaa.

Sehemu hiyo ndiyo tuliyoipenda kuliko zote. Tulimngoja tukirukaruka, mpaka akatokea kwenye mahindi amesimama wima, mkono mmoja ameunyoosha nyuma, kama anayemvuta mtu tusiyemwona.

Tuliwapigia makofi wote wawili.