Safari Isiyokuwemo Kitabuni

Jumapili iliyopita binti yangu alitoka sinema pale mjini Arusha amenuna. Kuna kitabu anachokipenda tangu alipojua kusoma, kitabu chembamba cha mambo ya ajabu, na sasa watu wa filamu wamekivuta mpaka kimetoa sehemu tatu, kila moja ndefu kama ibada ya Pasaka. Njia nzima ya kurudi nyumbani alilalamika. "Mama, kitabu chenyewe unakimaliza mchana mmoja! Yule mwanamke wa mtoni wamemtoa wapi? Hayumo!" Mimi nilikuwa naendesha huku nacheka moyoni, maana malalamiko hayo niliwahi kuyasikia zamani sana, tena kwa mtu mzima, aliyesimama kando ya televisheni na fimbo mkononi.

Njoo nikupeleke Tengeru, rafiki yangu, pale chini ya Mlima Meru, Tengeru ya miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa, sabuni ikanunuliwa bila foleni, na kila mtu mtaani akawa na kibiashara chake. Kahawa ilikuwa imeshuka bei. Wengi waling'oa mibuni iliyopandwa na babu zao wakaweka nyanya, na asubuhi zilizokuwa zikinukia maua ya kahawa zikaanza kunuka dawa ya wadudu. Bibi hakung'oa hata mbuni mmoja. Alisema mti haujui habari za bei.

Tulikuwa watatu katika nyumba ile: mimi, mama, na bibi mzaa mama, ambaye alihamia Meru kutoka Kilimanjaro akiwa bado msichana na akaendelea kuota ndoto zake kwa Kichaga. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama aliuza mitumba siku za soko, na kila baada ya wiki chache alikwenda Namanga, akavuka mpaka kufuata marobota. Alilala huko siku mbili, akarudi na harufu ile ya nguo za mtumba pamoja na mkate wa Kenya uliokatwa vipande kiwandani. Nilikuwa nautandaza mezani kipande kwa kipande, nikistaajabu jinsi vilivyolingana.

Kazi yangu mimi ilikuwa kukata majani ya ng'ombe na kuchota maji mferejini. Shuleni nilikuwa darasa la tano, na furaha yangu kubwa ilikuwa Ijumaa mchana. Mwalimu wetu alikuwa na kitabu kidogo cha Kiingereza, jalada lake limeshikwa kwa plasta ya kidonda, na kila Ijumaa baada ya kufagia uwanja alitusomea ukurasa mmoja au miwili, akiugeuza Kiswahili papo hapo. Kilikuwa kisa cha binti wa mfua kengele. Jitu la theluji lilikuja likaiba mlio wa kengele ya mji wao. Kengele ikabaki inatikisika bila sauti, na watu wakaanza kusahau majina yao. Binti akaondoka peke yake kwenda mlimani kuurudisha mlio. Sisi hatukuwa na shaka ni mlima gani. Mawingu yalipoufunika Meru tulisema jitu limelala, na radi ikipiga huko juu tulisema linajaribu kengele.

Kitabu kilikuwa kifupi, lakini Mwalimu alikisoma polepole kama mtu anayelamba asali kidoleni. Tulikimaliza, tukaomba akianze upya, akaanza. Tulikijua kama sala ya Baba Yetu.

Mwaka huohuo jirani yetu alirudi nyumbani baada ya kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kufungwa. Alirudi na televisheni, deki ya video na jenereta. Ghala la kahawa la marehemu baba yake halikuwa na kahawa tena, akalifagia, akapanga mabenchi, akaziba madirisha kwa magunia, na Tengeru ikapata banda la video. Bibi alilipitia mbali. Alisema mahali panapofungwa madirisha mchana hapana jambo jema.

Kisha jirani akapata kanda tatu kutoka kwa ndugu yake wa Nairobi. Zote zilikuwa hadithi moja, na hadithi yenyewe ilikuwa ile yetu! Binti wa mfua kengele! Shule nzima iliwaka. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo jirani alimwomba Mwalimu asimame mbele atafsiri, na Mwalimu, ambaye ndiye pia aliyeongoza kwaya usharikani, akakubali kwa masharti kwamba ionyeshwe Jumapili baada ya ibada na pasiwe na pombe mlangoni. Kwa sababu ya Mwalimu, hata Bibi alilainika. Alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani, akaketi benchi la mbele, akashika mkono wangu kana kwamba tunapanda meli.

Kanda ya kwanza ilianza vizuri. Mwalimu alielekeza fimbo, akatafsiri kwa sauti ya kwaya. Mara wakatokea askari wamepanda farasi. Mwalimu akanyamaza. Askari wakasema, wakapigana, wakasema tena. Mwalimu kimya.

"Mwalimu, tafsiri!" watu wakapiga kelele.

"Hii haimo kitabuni," akajibu.

"Lakini imo kwenye video!"

"Mimi nilikubali kutafsiri hadithi. Hiyo siyo hadithi, hiyo ni nyongeza."

Basi ikawa hivyo mchana kutwa. Filamu ilipofuata kitabu, Mwalimu alinguruma. Ilipotoka nje ya kitabu, alikunja mikono na kuangalia paa. Na ilitoka mara nyingi. Ukurasa mmoja wa binti kuvuka daraja uligeuka kuwa vita, karamu, na kijana mwenye nywele ndefu aliyemtazama binti kwa macho ya kuchumbia. Tuliokijua kitabu tulikuwa upande wa Mwalimu, tukizomea. Wengine wote walikuwa upande wa farasi.

Mama hakuwepo siku hiyo. Alikuwa ameondoka kwenda Namanga Jumamosi, nasi tulimtarajia Jumatatu. Jumatatu hakuja. Jumanne nilikaa barabarani mpaka jua likazama nyuma ya migomba. Bibi alimwekea chakula kwenye sufuria, akakifunika, asubuhi akampa ng'ombe. Akafanya hivyo kila siku. Wanawake wa sokoni walipomuuliza, alisema, "Yuko njiani." Simu hazikuwepo mtaani kwetu. Nilipomwambia twende tukaulize, alitikisa kichwa. "Habari mbaya haifuatwi," alisema. "Inajua njia ya kuja yenyewe." Nilielewa kwamba aliogopa, na kumwona Bibi akiogopa kulinitisha kuliko jambo lolote.

Jumapili ya pili nilidhani hatutakwenda bandani, lakini alivaa kitenge chake akaniambia nivae viatu. Labda alitaka tu mahali pa kukaa ambapo hapakuwa mlangoni kwetu.

Kanda ya pili ilikuwa ya nyongeza zaidi kuliko ya kwanza. Katikati yake binti alipotea kwenye picha kabisa, na badala yake akaonekana mama yake, kule nyumbani, ameketi mlangoni pa karakana ya mumewe. Kitabuni mama huyo ana sentensi moja tu: alibaki akimsubiri mwanawe. Filamu ilimpa nyumba, sufuria, jirani wa kuzungumza naye. Anapika, lakini hali. Anatazama njia. Hata wapenzi wa farasi waliinama mbele. Mwalimu alikuwa amekunja mikono yake, anaangalia paa.

Bibi akasema kwa sauti iliyosikika benchi la mwisho, "Mwalimu, yule mama anasema nini?"

"Hii haimo kitabuni, Mama."

"Mimi sikusoma kitabu. Nakuuliza yule mama anasema nini."

Mwalimu alimtazama. Nadhani alikumbuka ni nyumba gani tuliyotoka. Akashusha mikono, akamsikiliza yule mwanamke kwenye kioo, kisha akatafsiri polepole, bila ile sauti ya kwaya.

"Anasema: Watu wananiambia nisubiri. Nimesubiri mpaka kusubiri kumekuwa ndiyo kazi yangu. Mtoto akipotea, nani aliamuru mama abaki nyumbani?"

Kwenye kioo mama yule akaipua sufuria, akafunga mlango, akaingia kwenye theluji.

Bibi akasimama. Alipita mbele ya televisheni, kivuli chake kikafunika picha nzima, akatoka nje kwenye mwanga. Nilimkimbilia. Nyumbani nilimkuta anashusha kikapu kilichokuwa kimetundikwa ukutani.

"Kesho naenda Namanga," alisema.

"Bibi, hupajui Namanga."

"Sipajui. Kwani yule mama aliijua theluji?"

Kabla giza halijaingia Mwalimu alikuja. Alisimama uani kwetu, kofia mkononi. "Shikamoo, Mama. Nimekuja kwa sababu ya yale ya video. Hilo la yule mama kuondoka nyumbani wamelitia wenyewe tu, ili filamu iwe ndefu. Kitabuni hatoki."

"Marahaba," Bibi akasema, akaendelea kufunga ndizi. "Aliyelitia ana mama, Mwalimu."

Mwalimu akavaa kofia yake. Asubuhi alimsindikiza hadi barabara kuu, akamkabidhi kwa akina mama wa mitumba waliokuwa wanakwenda mpakani. Mimi nilibaki kwa mke wa jirani. Nilikata majani, nikachota maji, nikalisha ng'ombe, na kila gari lililopunguza mwendo chini barabarani lilinisimamisha na panga mkononi. Sikumbuki nilikula nini. Nakumbuka kwamba nilipokuwa mferejini nilianza kumwomba Mungu, na badala ya sala nikajikuta namweleza habari za mwanamke wa kwenye theluji, kana kwamba Yeye hakuiona ile filamu.

Alhamisi mchana pikapu ilipanda njia yetu taratibu, ikiyakwepa mashimo kama inabeba mayai. Bibi alikuwa mbele na dereva. Nyuma, juu ya godoro, mama alikuwa amelala, mguu mmoja umefungwa plasta nyeupe ya hospitali, ngumu kama jiwe. Nilipanda kabla gari halijasimama. Alinuka dawa na vumbi, nami nikauficha uso wangu shingoni mwake na sikutaka kuutoa.

Lori lililobeba marobota lilikuwa limepinduka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa kwenye hospitali ndogo ya misheni, mguu umevunjika, homa kali, hana ndugu wa kumsaidia hata kumpa maji. Alimtuma dereva mmoja na ujumbe, ujumbe haukufika. Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kupapasa, aliuliza mwanamke mmoja mmoja pale mpakani mpaka akapata aliyeiona ajali. Mama alisimulia baadaye kwamba alifungua macho akamwona mamaye amesimama miguuni pa kitanda, na kikapu. Akadhani ni homa.

"Mama, umefikaje huku?"

"Nimeuliza," Bibi akamjibu, akaanza kumenya ndizi.

Manesi walisema homa ile ilikuwa imekaa vibaya, na kwamba uji na maji ya mikono ya mtu wake ndivyo vilivyomrudisha. Mama alichechemea maisha yake yote, lakini alichechemea akiwa hai.

Jumapili ya tatu jirani na Mwalimu walimbeba mama kwenye kiti hadi bandani. Kitabuni mwisho ni mfupi: kengele inalia mara moja, kila mtu anakumbuka jina lake, basi. Filamu haikukubali kuisha hivyo. Kengele ililia, ikalia tena, kukawa na ngoma, harusi ya yule kijana wa nywele ndefu, safari nyingine ya kurudi, kuagana kusikokwisha. Tuliguna sisi wa darasa la tano. Mwalimu hakuguna. Alitafsiri kila neno, la kitabuni na lisilo la kitabuni, mpaka sauti ikamkauka, na jirani akamletea maji. Yule mama na bintiye walipokutana njiani kwenye theluji, alitafsiri hata pale ambapo hawakusema kitu.

Mama yangu alimwinamia Bibi. "Hiki kisa ni cha kweli?"

"Kweli imo," Bibi alinong'ona. "Ila wameirefusha."

Hayo yote yamekwisha. Watu walipopata televisheni zao wenyewe banda lilifungwa, na ghala likabomolewa; leo pana nyumba ya kulala wageni yenye geti jekundu. Mwalimu alihamishiwa Kikatiti na nilisikia amefariki huko, akiwa bado anasomea watoto Ijumaa mchana. Mibuni ya Bibi iling'olewa mwaka uliofuata mazishi yake. Zile kanda nimezitafuta, sijaziona, na sasa siwezi kukuapia ni maneno gani yalikuwa ya filamu na yapi aliyatia Mwalimu mwenyewe siku ile.

Binti yangu nilimwacha alalamike mpaka tukafika nyumbani. Ana haki. Lakini mimi nina jambo moja ambalo natamani mtu anirefushie. Mara ya mwisho kumwona Bibi nilikuwa chuo, nikipita nyumbani haraka. Alikuwa anachambua maharage. Alisema, "Nenda, usichelewe basi," nikaenda. Ni hayo tu. Ukianza kuyasimulia yamekwisha. Kwa hiyo nikiwa peke yangu naongeza. Natia mvua, ili nisiweze kutoka. Natia maziwa yanayochemka jikoni. Namfanya aniulize habari za masomo, nami namjibu kwa kirefu, na huko barabarani basi linachelewa kuja.